Kafeini na Usingizi

Kafeini ni kemikali ya asili iliyomo katika buni, majani ya chai na kakao. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819.

Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni. Hunasa kwenye vipokezi vyake na kutuliza shughuli za neva. Kadiri inavyozidi, ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini ina umbo linalofanana nayo, hivyo hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, mithili ya ufunguo unaoingia kitasani lakini hauzunguki. Uchovu haujaondoka, umefichwa tu. Kafeini ikipungua, adenosini iliyorundikana hupata nafasi na usingizi hurudi.

Nguvu ya kafeini hufikia kilele ndani ya saa moja hivi, kisha ini huivunja taratibu. Kwa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa tano. Kahawa chungu iliyonywewa barazani saa kumi na mbili jioni bado ina nusu ya kafeini yake damuni saa tano usiku. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Kwa mvutaji sigara hutoka upesi.

Mnywaji wa kila siku huizoea, kikombe kimoja kisimtoshe. Akiacha ghafla, kichwa humuuma na mwili hulegea kwa siku kadhaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku huhesabiwa kuwa kiwango salama; kwa mjamzito, 200.