Jokofu Huchelewesha, Haliponyi

Uingiapo msimu wa kaskazi, miji yetu ya mwambao, kuanzia Vanga hadi Lamu, hukaa katika joto lisilopungua sana hata usiku. Mchana hupita nyuzi 30, na hewa hujaa unyevu kiasi cha chumvi kurowa ndani ya kopo lake. Katika hali hiyo, hapana chombo cha jikoni kinachoaminiwa kuliko jokofu, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita friji. Ndani yake hutiwa samaki wa asubuhi, tui lililobaki, maziwa ya mtoto, kiporo cha biriani na, katika nyumba nyingi, dawa ya mzee mwenye kisukari.

Imani hiyo ina msingi wake, lakini mara nyingi huvuka mpaka. Utamsikia mama akimwambia bintiye, “Kula tu mwanangu, kilikuwa ndani ya friji,” kana kwamba baridi imekitakasa chakula. Baridi haitakasi. Jokofu haliviui vijidudu, wala haliondoi sumu ambayo vijidudu hivyo vimekwisha kuitoa. Kazi yake ni moja tu: kuchelewesha uharibifu. Chakula kikiingia kizima, hubaki kizima kwa muda; kikiingia kimeanza kuharibika, hutoka vivyo hivyo, ila kimepoa. Mwenye kulishika hili moja amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya haya yafuatayo.

Chombo cha kutoa joto

Jokofu halitengenezi baridi; hutoa joto. Ndani ya mabomba yake membamba mna gesi inayosukumwa na mota iitwayo kompresa. Gesi hiyo hulibeba joto la ndani na kwenda kulimwaga nje, kupitia nyuma au ubavuni. Ndiyo maana ukipeleka mkono nyuma ya jokofu linalofanya kazi utahisi fukuto. Jokofu lililobanwa ukutani, au lililosimamishwa karibu na jiko, halina pa kulimwaga joto hilo. Mota yake huzunguka bila kupumzika, gharama ya umeme hupanda, na chakula hakipoi ipasavyo. Liachie nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma, na uwazi pande zote na juu.

Vijidudu vingi viletavyo maradhi ya tumbo hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo, sehemu ya kawaida ya jokofu yatakiwa isizidi nyuzi 4, na sehemu ya kugandisha iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Nambari zilizo kwenye kitufe cha ndani si nyuzi za joto. Katika majokofu mengi nambari kubwa maana yake ni baridi zaidi. Njia ya kuhakikisha ni kununua kipimajoto cha jokofu, kukitumbukiza katika bilauri ya maji kwenye rafu ya kati, na kukisoma asubuhi yake.

Hata hivyo, kuna vijidudu, kama vile listeria, ambavyo huendelea kuongezeka polepole hata ndani ya baridi. Kwa mja mzito, maradhi yake yaweza kuharibu mimba. Mwanamke mwenye mimba asile kiporo kilichokaa siku nyingi, wala maziwa yasiyochemshwa, hata kama vimetoka ndani ya jokofu.

Saa ya chakula huanza jikoni

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa chakula ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na hewa inapopita nyuzi 32, kisizidi saa 1. Kwetu sisi, siku nyingi za kaskazi ni za saa moja. Hesabu huanza pale chakula kinapoacha kuwa cha moto, si pale tunapokumbuka kukitia ndani ya jokofu.

Wali wahitaji hadhari zaidi. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa katika uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto upya. Sufuria kubwa ya pilau iliyobaki baada ya karamu, ikaachwa jikoni usiku kucha “ipoe”, hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi. Badala yake, ugawe wali katika sinia na vyombo vya kina kifupi, kisichozidi vidole vitatu. Mvuke ukiisha, vifunike na uvitie ndani. Kiporo hicho kiliwe katika siku 3 au 4. Toa kiasi utakachokula tu, ukipashe hadi kifuke mvuke mpaka katikati. Mchuzi na uchemke kabisa.

Katika Ramadhani, jambo hili hutugusa kila usiku. Baina ya futari na daku hupita saa 9 hivi. Maharagwe ya nazi au wali uliofunikwa kawa na kuachwa mezani mpaka daku umekwisha kupita mpaka wa usalama zamani. Uingie jokofuni kabla ya kwenda tarawehe, na upashwe moto alfajiri.

Samaki naye ana hukumu yake. Jodari, nguru na vibua wana kitu katika minofu yao ambacho, samaki akiachwa katika joto, vijidudu hukigeuza kuwa histamini. Histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa, na samaki mwenye nayo aweza asinuke kabisa. Mlaji huwashwa mdomo na mwili, uso humwiva, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, aghalabu katika muda usiozidi saa moja. Wengi husema, “Samaki amenikataa,” ilhali aliyeharibika ni samaki. Anayeona taabu ya kupumua apelekwe hospitali mara moja. Kinga yake huanza sokoni: nunua kwa muuzaji mwenye barafu, fanya samaki awe kitu cha mwisho kununuliwa, mtumbue ufikapo nyumbani, na umle katika siku 1 au 2. Akikusudiwa kukaa zaidi, agandishwe siku ile ile.

Kila kitu na rafu yake

Nyama mbichi, kuku na samaki wakae rafu ya chini, ndani ya chombo chenye kina, ili maji yao yasidondokee vyakula vingine. Vilivyopikwa vikae juu. Mafundisho ya Mtume (SAW) ya kufunika vyombo yana nafasi yake hata ndani ya jokofu: kilichofunikwa hakirithi harufu, hakikauki, wala hakichafuliwi na jirani yake.

Mlango ndio mahali penye joto zaidi, kwa kuwa hufunguliwa kila mara. Hapo huwekwa siki, achari, sosi na chupa za maji. Maziwa, hasa ya mama anyonyeshaye, yasikae mlangoni. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa katika chombo safi huweza kukaa hadi siku 4 yakiwekwa nyuma kwenye baridi ya kutosha. Andika tarehe juu ya chombo. Dawa ya insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Isigusane na sehemu ya barafu, kwani ikiganda huharibika, na hata ikiyeyuka haifai tena.

Nyama iliyoganda iyeyushwe ndani ya jokofu tangu usiku. Kuiacha juu ya meza toka alfajiri hadi adhuhuri huifanya nje iwe na joto la chumba ilhali ndani bado ni jiwe.

Stima inapopotea

Jambo la kwanza ni kuuacha mlango umefungwa. Jokofu lisilofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hudumu saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Kila ufunguzi wa kuchungulia hupunguza muda huo. Zikipita saa 4, nyama, samaki, maziwa, tui na vilivyopikwa ambavyo vimepoteza baridi vitupwe. Usionje ili kujua. Sumu nyingine hazina ladha wala harufu. Kilichoganda chaweza kurudishwa kwenye friza maadamu bado kina chembe za barafu.

Kwa anayesafiri, kuna njia nyepesi ya kujua yaliyotokea nyuma yake. Gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache kikombe ndani ya friza. Urudipo ukaikuta sarafu chini, jua kwamba barafu iliyeyuka yote ikaganda tena, na vyakula navyo viliyeyuka kama hivyo.

Jambo la pili ni kuchomoa plagi. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, lakini urudipo huweza kupanda ghafla na kuunguza kompresa. Subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke. Kipo pia kifaa cha kulinda jokofu, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, ambacho huuzuia umeme mpaka utulie. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kompresa mpya.

Nyama ya Idi

Siku ya Idi kubwa, nyumba moja huweza kupokea nyama nyingi kwa saa chache. Nyama iliyotoka kuchinjwa ina joto la mwili wa mnyama. Ikisukumwa yote kwa pamoja ndani ya jokofu dogo, haipoi. Hulipasha jokofu lote joto, ikaviharibu hata vilivyokuwemo. Sehemu ya majirani na maskini itoke mwanzo, mchana ule ule, ikiwa bado mbichi na nzuri, si siku ya tatu baada ya friza kushindwa. Itakayobaki igawanywe katika mafungu madogo bapa, kila fungu la pishi moja, iingizwe kidogo kidogo huku hewa ikiachiwa njia. Iliyozidi na ipikwe siku hiyo.

Matunzo yanayorefusha maisha yake

Kagua mpira wa mlango. Funga mlango juu ya noti ya karatasi kisha uivute. Ikitoka bila ukinzani, mpira umelegea. Hewa yenye unyevu wa bahari hupenya hapo, barafu ikajaa na mota isipumzike. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi mpira huhitaji tu kusafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni; ukiwa umepasuka, fundi aweza kuubadilisha.

Barafu ya friza ikifikia unene wa nusu sentimita, zima, chomoa plagi na uache iyeyuke yenyewe. Bakuli la maji moto ndani yake huharakisha. Kisu kisitumike kamwe. Majokofu mengi ya sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo haidhuru tabaka la ozoni lakini hushika moto. Jina la gesi huandikwa kwenye kibandiko cha jokofu. Bomba likitobolewa, fungua madirisha, usiwashe moto wala kugusa swichi, umwite fundi.

Ndani pasafishwe kila mwezi kwa maji na sabuni, kisha kwa siki kidogo kuondoa harufu. Vumbi la mabomba ya nyuma liondolewe kwa brashi laini mara mbili kwa mwaka, plagi ikiwa imechomolewa. Futa madoa ya kutu mapema, kwani chumvi ya hewa yetu hula bati upesi. Jokofu lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta yenye waya wa ardhi, si kwenye ekstensheni inayotumiwa pia na birika na pasi. Ukihisi mwili unasisimka unapoligusa, zima swichi ya ukutani na usilitumie mpaka fundi wa umeme alikague. Likihamishwa, libebwe wima, kisha litulie saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Jokofu lililokufa bado lina hatari

Lipo jambo moja ambalo si la chakula wala la umeme. Jokofu bovu lililoachwa uani au barazani ni mtego kwa watoto. Mtoto akijificha ndani katika mchezo wa kibe, mlango ukajifunga, hewa humwishia upesi, na kuta zake nene huzuia kelele zake zisisikike. Majokofu ya kale yenye komeo ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa hayasukumiki kutoka ndani. Lakini hata mpira wa jokofu jipya waweza kumshinda mtoto mdogo. Siku ile ile jokofu linapostaafu, ng’oa mlango wake, uache rafu mahali pake, ndipo umtafute wa kulichukua. Mchukuaji asikate mabomba yake pale nyumbani kwa ajili ya vyuma chakavu. Gesi itolewe na fundi mwenye vifaa.

Ndani ya nyumba, waonyeshe watoto jokofu hili hili linalofanya kazi: mlango hufunguliwa kwa haja, hufungwa mara moja, na hauchezewi. Waeleze wasichana na wavulana sawasawa, kwa kuwa wote hufungua, na wote hula kilichomo.