Kijana Huaminiwa Lini?

Ifikapo Desemba, shule zikiisha kufungwa, mtu apitaye katika mitaa ya Ruiru wakati wa jioni huwaona wavulana wawili watatu wakienda polepole, leso wamejifunga viunoni, miguu wameitanua kidogo kama watu wavukao tope. Wapita njia huwapisha. Hawa ni vijana waliotoka kutahiriwa hospitalini. Jambo lenyewe huchukua muda mfupi tu, kwa sindano ya ganzi na mikono ya daktari, wala hapana mzazi mwenye akili awezaye kulilaumu, maana usafi wa hospitali umewaokoa wengi na vidonda vibaya.

Baada ya majuma machache kidonda hupona, naye kijana huambiwa ya kwamba sasa yeye ni mtu mzima. Lakini asubuhi yake hulishwa katika sahani ile ile, hutumwa dukani na fedha zilizohesabiwa mara mbili mbele ya macho yake, na akichelewa huulizwa kama aulizwavyo mtoto wa darasa la pili. Serikali nayo haitampa kitambulisho mpaka atimize miaka 18. Basi kwa muda wa miaka minne au mitano kijana huyu ana mwili wa mtu mzima na jina la mtu mzima, lakini kazi ya mtu mzima hana hata moja. Si ajabu akijiuliza, Mimi ni nani? Tena si ajabu jibu likimtokea kwa kundi la wenzake wakaao kando ya barabara.

Hapo kale swali hilo halikuachwa likae bila jibu katika nchi hii iliyo kati ya mto Ruiru na mto Chania. Kwa Wakikuyu irua ilikuwa ni mlango, na kukatwa kulikuwa sehemu ndogo ya mambo yake. Kila aliyetahiriwa alikuwa na mutiri wake, yaani mtu mzima aliyemshika siku ile, akamwangalia mpaka apone, na kumfunza. Wote waliotahiriwa pamoja waliingia katika rika moja, na rika likapewa jina kwa jambo kubwa lililotokea wakati huo, wakalichukua jina hilo mpaka uzee. Watu hawakuandika siku ya kuzaliwa, kwa hiyo umri wa mtu ulijulikana kwa rika lake. Hata mambo ya kigeni yalipoingia desturi hii haikufa upesi: vijana waliotahiriwa mwaka 1940 waliitwa kwa tarakimu ya Kiingereza, na Anake a Forty wakaja kujulikana sana mjini Nairobi katika miaka iliyofuata, wengine kwa mambo ya siasa na wengine kwa mambo yasiyofaa kusifiwa.

Tena kazi ya kumjaribu mtoto ilianza mapema kabla ya irua. Mzee Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, ameeleza jinsi baba alivyoweza kuchanganya makundi mawili au matatu ya mifugo, kisha akamwambia mwanawe awatenge walio wa kwao. Kijana aliyefaulu alikuwa amejua jambo moja la hakika juu ya nafsi yake, ya kwamba macho yake na kumbukumbu zake zaweza kutegemewa. Jambo hilo hakuambiwa na mtu. Aliliona mwenyewe, na baba yake amesimama akitazama.

Kenyatta mwenyewe ni mfano mzuri wa jambo hili, na sehemu moja ya habari zake ilitukia Thika. Alizaliwa Kamau, mwana wa Muigai. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, na mama yake Wambui akarithiwa na Ngengi, ndugu wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi. Mama naye akafa. Kijana akakaa kwa babu yake Kongo wa Magana aliyekuwa mganga, na mwezi wa Novemba 1909 akajiunga na shule ya misheni ya Waskoti huko Thogoto. Ili apate kulipa karo alifanya kazi ya nyumbani na ya upishi kwa mlowezi aliyekuwa jirani. Mwaka 1912 alimaliza masomo ya chini akashika kazi ya kujifunza useremala, na mwaka 1913 akatahiriwa kwa desturi ya watu wake, ijapokuwa wamisheni hawakuipenda sana desturi hiyo. Mwezi wa Agosti 1914 alibatizwa. Alitaka kuitwa John Peter, lakini aliambiwa achague jina moja tu. Kwa kuwa Petro maana yake ni mwamba, na neno stone kwa Kiingereza ni jiwe, aliyaunganisha yote mawili akaitwa Johnstone. Kijana asiye na baba wala mama, aliyekuwa mwanafunzi wa wageni, hakukubali jina alilochaguliwa na watu wengine.

Mwaka ule ule wa 1914 aliondoka misheni akaenda kukaa Thika pamoja na mwenzake waliyesoma naye Thogoto. Wakati huo Thika ilikuwa mji mdogo sana. Hoteli ya Blue Posts ilikuwako tangu 1908 karibu na maporomoko ya maji, na reli ilikuwa imefika mwaka 1913. Kenyatta alipata kazi katika kampuni ya uhandisi ya Mwingereza aitwaye John Cook, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kwenda benki Nairobi, mwendo wa maili 25 hivi, kuichukua mishahara ya wafanyakazi na kuileta Thika.

Jambo hili lafaa lifikiriwe kwa utulivu. Ni mwaka mmoja tu tangu irua yake, na mikononi mwake zimo fedha za watu wengi wanaongojea kula. Angaliweza kupotea nazo, au kunyang'anywa, au kuhesabu vibaya. Mwajiri aliyemtuma hakumpa mahubiri juu ya utu uzima, alimpa mfuko. Hapana shaka ya kwamba mifuko ya namna hii humfunza mtu mambo ambayo maneno hayawezi kuyafunza. Baadaye aliugua sana, akaiacha kazi ile, akauguzwa nyumbani kwa rafiki huko Tumutumu.

Wala msomaji asidhani ya kwamba kijana aliyeaminiwa mapema hugeuka malaika. Mwaka 1920 Kenyatta yuyo huyo aliitwa mbele ya wazee wa kanisa akazuiliwa asishiriki Meza ya Bwana, kwa sababu ya ulevi na ya kukaa na mwanamke kabla ya ndoa ya kanisa. Aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya, kutoka 1964 mpaka alipofariki mwaka 1978, alikosea kama wakosavyo vijana wengine.

Huko ng'ambo nako jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1950 bwana mmoja wa Marekani, Erik Erikson, alitoa kitabu juu ya utoto na jamii, akaeleza kwamba kazi kubwa ya ujana ni mtu kujipata. Kijana hukusanya yote aliyokuwa utotoni, na yote ambayo watu humwona kuwa nayo, akajaribu kuyafanya kitu kimoja. Asipoweza, hubaki amechanganyikiwa, leo hivi na kesho vile. Erikson aliyajua hayo kwa nafsi yake. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, akalelewa kwa jina la baba wa kambo, wala hakupata kumjua baba yake mzazi maisha yake yote. Alipopewa uraia wa Marekani mwaka 1939 alijitwalia jina la Erikson, maana yake mwana wa Erik, kana kwamba amejizaa mwenyewe. Yeye na yule yatima wa Thogoto hawakujuana, lakini swali lao lilikuwa moja.

Mkulima wa kahawa hana haja ya kitabu cha Marekani ili alifahamu jambo hili. Ruiru ndiko kulikotoka mche wa Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, nao ni imara dhidi ya ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Hata mche ulio imara hivyo huanza maisha yake chini ya kivuli cha kitalu. Mkulima mwangalifu hauondoi kivuli chote kwa siku moja, maana majani yataungua. Wala hauachi kivulini mpaka mvua za kupandia zipite, maana utarefuka na kuwa dhaifu. Hukipunguza kivuli kidogo kidogo, na kila mara huenda kuyatazama majani.

Shida ya siku hizi ni kwamba kitalu chenyewe kimebadilika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru ilikuwa na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Mahali palipokuwa na mibuni sasa pana nyumba za ghorofa, na Tatu City yenyewe imejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Baba huamka saa kumi za usiku kuwahi matatu ya Nairobi, akarudi watoto wamelala. Hakuna thingira ya kuketi pamoja na babu jioni, maana babu yuko Murang'a au Nyeri. Hata alama ya wakati imepotea. Zamani wavulana wengi walitahiriwa walipomaliza darasa la nane, lakini mtihani wa darasa hilo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa wazazi hawapatani kama mwana apelekwe baada ya darasa la sita au la tisa.

Makanisa kadhaa yameliona pengo hili. Huwakusanya wavulana kwa siku kadhaa baada ya tohara, wakafundishwa habari za mwili, za pombe haramu na za heshima kwa wanawake. Ni kazi njema, ingawa mzazi yafaa aulize ni nani alalaye na vijana usiku, kwa kuwa pengine waangalizi waliwapiga vijana na kuwaumiza kwa kisingizio cha kuwakomaza.

Na wasichana je? Kuwakeketa kumekatazwa na sheria ya watoto ya mwaka 2001 na tena na sheria ya mwaka 2011, na haki ilikuwa hivyo. Ila pamoja na kisu, mafunzo yao nayo yalitupwa. Upande wa Tharaka, mwaka 1996, akina mama walianza Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno: wasichana hutengwa kwa siku kadhaa, hufunzwa na wanawake watu wazima, kisha hutolewa kwa sherehe na zawadi bila mtu kuguswa na wembe. Thika na Ruiru hazijakosa akina mama wawezao kufanya vivyo hivyo.

Huenda mzazi akasema, Mimi sina mifugo ya kuchanganya wala mishahara ya kutuma. Wala haifai mtoto apelekwe kuchuma kahawa siku za shule. Lakini baba mwenye vyumba viwili vya kupanga ana kodi ya kulipa, ana tokeni za stima za kununua, ana mtoto mdogo wa kupelekwa shule, tena ana nyanya kijijini apelekewaye sukari na dawa. Kijana wa miaka 14 aweza kukabidhiwa moja ya hizo kwa mwaka mzima, iwe ni yake, pamoja na daftari la kuandikia hesabu. Zikipungua shilingi hamsini mwezi wa kwanza, aulizwe zilikokwenda, aandike, na mwezi wa pili atumwe yeye tena.