Kipuri Huchaguliwa kwa Barabara

Juma lililopita msikilizaji mmoja wa Dar es Salaam aliniletea swali ambalo nimeona si haki kumjibu yeye peke yake. Kijana huyu amebahatika kupata gari la zamani la mbio, Datsun 240Z, lililolala ghalani miaka mingi. Ameweka akiba yake, na ameandika orodha ya vipuri anavyotaka kuagiza ng'ambo: kabureta tatu kubwa, springi fupi za kulishusha gari, na bushi ngumu za plastiki kila mahali. Anauliza aanze na kipi.

Jibu langu ni kwamba aanze na barabara. Nitaeleza kwa nini, na sitaficha kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tabora. Ukitoka mjini kwetu, si mbali utafika Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Hapo ndipo ilipopita njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, safari ya kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, mwezi Novemba. Watu wa misafara walijua jambo moja ambalo mgeni alijifunza kwa hasara. Shanga na vitambaa vilikuwa ndiyo fedha ya njiani, lakini shanga iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi nyingine. Aliyenunua Unguja shanga za kumpendeza yeye mwenyewe aliweza kulala na njaa katikati ya nchi yenye chakula tele. Mwenye busara aliuliza kwanza: nitapita wapi, na huko wanataka nini?

Vipuri vya gari ni vivyo hivyo.

Hebu kwanza tulijue gari lenyewe. Datsun 240Z lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Injini yake huitwa L24: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, bloku la chuma cha kalibu na silinda hedi ya alumini. Magurudumu yote manne yana springi na shokapu zilizosimama wima pamoja, kila gurudumu likijitegemea. Halikuwa gari la maonyesho tu. Mwaka 1971, miaka 100 tangu Stanley apite njia yetu kumtafuta Livingstone, gari hili lilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya East African Safari, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. La pili lilikuwa 240Z vilevile, la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1973 Mehta naye akashinda, akiwa na Lofty Drews. Alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ikabidi kanuni za mashindano ziwatenganishe.

Sasa jiulize, ndugu msikilizaji: magari yale ya Safari yalishushwa chini yakakaribia ardhi? La hasha. Yaliinuliwa, yakawekewa bamba la kukinga tumbo, yakajazwa vumbi mpaka kwenye meno ya dereva, na yakafika. Mafundi wake waliitazama barabara kwanza, ndipo wakatazama duka.

Tuanze na injini. Adui wa kwanza wa injini katika nchi yetu ni vumbi. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa; hulamba ringi na kuta za silinda polepole, na siku moja unaona moshi wa buluu nyuma yako. Kabureta tatu za Weber zenye midomo wazi kama tarumbeta ni nzuri kwa macho na kwa masikio. Ukiziendesha kiangazi bila chujio, unaimeza barabara. Kabureta mbili za asili za Hitachi ni rahisi kurekebisha, na kasha lake la chujio hufunga vizuri. Kama huna fundi mwenye subira na sanduku la jeti za kujaribia, baki na hizo mbili. Kama unazo pesa za Weber, basi hesabu na chujio lake kabisa. Usije ukasema litanunuliwa baadaye.

Jambo la pili ni hewa. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,200. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyopimwa pwani ikifika bara itamwaga petroli nyingi mno kwa hewa hiyo. Tazama plagi: ikiwa na masizi meusi makavu, mchanganyiko una petroli nyingi; ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na hatari iko mlangoni, maana pistoni itapata joto kupita kiasi. Rangi ya udongo mkavu, kahawia nyepesi, ndiyo uitakayo. Kwenye Hitachi hizo nati ya chini ya kabureta huzungushwa kidogo kidogo, zote mbili kwa kiasi kimoja, na plagi hutazamwa tena baada ya mwendo.

Wapo watakaotaka injini kubwa zaidi. Ndugu yake L24 ni L28, yenye ujazo wa sentimita 2,753, na ilifungwa pia katika baadhi ya magari ya Nissan Patrol ya miaka ya 1980. Hivyo inawezekana kuikuta kwenye uwanja wa magari mabovu bila kuagiza ng'ambo. Ni chaguo la akili. Lakini usichukuliwe na jina. Linganisha sampu, mashikio ya injini na uwiano wa mgandamizo kabla ya kulipa, na uifungue hedi uone kuta za silinda. Injini iliyooshwa kwa petroli ikang'aa si lazima iwe injini nzima.

Na hapo penye kufungua hedi pana mtego. Injini hizi huendesha kamshafti kwa cheni ndefu, na chini upo msukumo wa springi unaoikaza cheni hiyo. Ukiling'oa gurudumu la juu la cheni bila kuishikilia cheni, ule msukumo huruka nje, nawe utalazimika kuufungua mbele wote wa injini kuurudisha. Dawa yake ni kabari ya mti inayoshushwa kati ya pande mbili za cheni kabla ya kugusa chochote. Mzee fundi aliyenifundisha alichonga yake kwa mninga, akaifunga kamba ili isidumbukie ndani. Kifaa hicho hakikugharimu hata senti, na kimeokoa siku nyingi za kazi. Ukirudisha hedi, kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, usikaze moja mpaka mwisho. Kisha pima tapeti injini ikiwa moto: milimita 0.25 upande wa kuingiza hewa, 0.30 upande wa kutoa moshi.

Sasa nije kwenye springi na bushi, na hapa ndipo penye kosa langu.

Marehemu mjomba wangu aliniachia gari la aina hiyohiyo. Nililifufua kwa miaka mitatu. Bushi za mpira zilikuwa zimeoza, nami nikashawishika kununua za plastiki ngumu, zile nyekundu, nzima nzima kwa gari lote. Muuzaji aliniambia kwamba ngumu ni bora daima. Mzee fundi alizibonyeza kwa kidole gumba, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hizi zitadumu. Sijui kama gari litadumu nazo." Nilimwona mzee wa zamani. Nikazifunga.

Mwaka 2009 nilikuwa nikielekea Urambo, barabara hiyo ikiwa bado ya vumbi, imejikunja kama bati la nyumba. Pembeni yangu alikaa mpwa wangu, binti wa miaka 9. Tulikuwa tumewapita watoto wa shule waliokuwa wakitembea ukingoni, wengi, mabegi mgongoni. Haikupita hata dakika nikakanyaga breki kwa ajili ya korongo. Nikasikia mlio mmoja kama wa bunduki. Gurudumu la mbele la kushoto likarudi nyuma likauma bodi, usukani ukanitoka mikononi, na gari likaingia porini likasimama kwenye kichuguu. Mtoto hakuumia. Niliteremka nikatazama nyuma, nikawaona wale wanafunzi wanakuja wakikimbia kututazama. Nilikaa chini kwenye majani, miguu ilikuwa imekataa.

Kilichovunjika ni fimbo moja ya chuma, nene kama kidole gumba, inayouunganisha mkono wa chini wa gurudumu na fremu. Mzee fundi aliishika akanionyesha mahali pa mkato. Nusu yake ilikuwa nyeusi ya kutu, nusu ilikuwa inang'aa. "Hii nyeusi," akasema, "ilikatika zamani, kidogo kidogo. Hii inayong'aa ndiyo ya leo."

Sababu yake ni hii. Gurudumu linapopanda na kushuka, ile fimbo lazima icheze kidogo pale inaposhikwa na bushi. Mpira huiruhusu. Plastiki ngumu ikiibana pande zote mbili, haichezi. Basi chuma chenyewe hukunjwa huku na huku, kama unavyokunja waya mpaka ukatike. Bushi ilikuwa na nguvu, na nguvu yake ndiyo iliyoiua fimbo. Wenye magari haya wengi duniani wamelijua jambo hilo, na hufunga mpira pale, au plastiki upande mmoja na mpira upande wa pili. Mimi nililijua nikiwa nimekaa porini.

Hivyo basi, ndugu msikilizaji, shika neno hili: kipuri kigumu hakiondoi mzigo, huuhamishia kwa jirani yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua vizuri. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila mbili, na mmoja akipunguziwa, lazima yupo mwingine aliyeongezewa. Kila unapofunga kitu chenye nguvu zaidi, uliza: jirani yake ni nani, naye ataweza?

Springi ni hivyohivyo. Springi fupi na ngumu hulileta gari chini, na shokapu hubaki na nafasi ndogo ya kucheza. Kwenye korongo la kwanza chuma kitagonga chuma, na kipigo kitapanda mpaka kwenye bodi, ambako kutu ya miaka 50 inangoja. Nunua springi zenye urefu wa asili au zaidi kidogo, na shokapu zilizotengenezwa kwa springi za aina hiyo. Springi ngumu na shokapu dhaifu hufanya gari lirukeruke kama mbuzi. Kabla ya yote, chunguza fremu na pale shokapu zinaposhikwa juu. Palipooza pachomelewe kwanza.

Katika kufunga, yashike mambo matatu. Springi ibanwe kwa kibanio maalumu, kamwe usitumie waya au kamba, maana ikifyatuka huua. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia juu ya jeki, la sivyo mpira utajipinda siku zote na kuchanika mapema. Na baada ya kilomita mia chache, rudi ukaze tena kila nati, kisha upime magurudumu.

Kwa yule kijana, basi, orodha yangu ni hii: fremu na breki kwanza, halafu tairodi, boljointi na bushi, halafu springi na shokapu kwa pamoja, halafu rejeta, chujio la hewa na oili, na mwisho kabisa, kama pesa imebaki, hizo kabureta tatu. Najua ameipanga kinyume. Mimi pia niliipanga kinyume.

Ile fimbo iliyokatika ninayo mpaka leo, juu ya kabati sebuleni. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, naye huendesha gari lake mwenyewe. Kila akija kututembelea huichukua, akautazama ule mkato, nusu mweusi nusu unang'aa, akairudisha mahali pake bila kusema neno.

Hadi juma lijalo, kwaherini.