Namba ya Mashua na Bei ya Omena Ikonge

Sokoni Ikonge, katika kaunti ya Nyamira, omena hupimwa kwa gorogoro. Bei ikipanda, muuzaji ana sababu zake tayari: mwezi umekuwa mpevu na taa hazivuti samaki, petroli imepanda, au magugu maji yameziba ghuba na mashua hazitoki. Sababu hizo zote ni za kweli. Lakini ipo gharama nyingine ambayo hutajwa kwa nadra hata na wanaoilipa, nayo ni gharama ya karatasi za mashua yenyewe: imeandikishwa wapi, inatambuliwa na nani, na inakuwa mali ya aina gani inapovuka mpaka uliochorwa majini. Ikonge iko juu milimani na haina ufuo, ila barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera huteremka hadi barabara kuu ya Kisii–Kisumu, na kutoka hapo Kendu Bay na Homa Bay si mbali. Samaki hupanda kwa njia hiyo, na ndizi hushuka. Kwa hiyo usajili wa mashua katika nchi jirani ni suala la biashara ya Nyamira kama ulivyo suala la wavuvi wa Mbita. Hoja ya makala haya ni moja: nchi tatu za Ziwa Victoria zimechanganya hati ya umiliki wa chombo na ruhusa ya kukifanyia kazi, na mchanganyiko huo unawagharimu wavuvi, wakopeshaji na walaji bila kuwalinda samaki.

Tuanze na ramani, maana ndiyo inayolazimisha mashua kuvuka. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Uganda ina zaidi ya asilimia 40, na Tanzania karibu nusu. Samaki aina ya mbuta hawajui mpaka, na mvuvi anayetoka Homa Bay au Migori akifuata maji yenye kina hujikuta upesi katika mamlaka ya nchi nyingine. Migingo imekuwa mfano wa aibu yetu ya pamoja. Ni kisiwa cha mwamba, kidogo kuliko uwanja wa soka, na tangu polisi wa Uganda walipoweka kambi hapo mwaka 2004, na hasa mzozo ulipopamba moto mwaka 2009, wavuvi wa Kenya wamekuwa wakidaiwa ada, wakinyang'anywa samaki na injini, na kukamatwa. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kusimamia sheria za uvuvi, na mashua zilizoonekana kuwa fupi kuliko kipimo chao cha futi 28 zikachomwa moto. Mashua fupi inayovua kihalali katika Ghuba ya Winam huwa haramu saa chache baadaye bila hata ubao mmoja kubadilika.

Mwenye mashua nchini Kenya tayari ana milango mingi ya kubisha. Lazima awe ndani ya kamati ya usimamizi wa ufuo, ile ambayo kila mtu huiita BMU. Chombo chake huandikishwa na kupewa namba chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, kisha hutafutiwa leseni ya kuvua kila mwaka. Usalama wa chombo ni kazi ya Mamlaka ya Baharini ya Kenya, KMA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Haya yote yana sababu zake. Kasoro ni kwamba chombo kikishavuka, hakuna hata moja kati ya hati hizo inayomlazimu ofisa wa upande wa pili kuitambua. Namba iliyopakwa rangi ubavuni haisemi kitu. Mmiliki hana njia ya kuthibitisha papo hapo kwamba mashua ni yake na kwamba injini iliyofungwa nyuma haikuibwa, wakati ambapo wizi wa injini ni miongoni mwa mambo yanayowatia hasara kubwa wavuvi wa ziwa hili.

Inashangaza kwamba chombo cha anasa kutoka mbali kina utaratibu ulio wazi kuliko mashua ya jirani. Mzungu anayekuja na boti yake ya matanga hadi Kilifi au Mtwapa huingia na hati za nchi yake, na bendera iliyo tezini huonyesha chombo ni raia wa wapi. Ndivyo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 ulivyoweka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 117, huruhusu mali kuingizwa kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa masharti na dhamana, mradi itolewe tena ndani ya muda uliopangwa ambao hauzidi miezi 12. Muda ukipita, ushuru hudaiwa. Atakayeamua kuiacha boti yake nchini kabisa anaiingiza kama bidhaa nyingine yoyote, na hapo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 pamoja na tozo za tamko la uagizaji na za reli. Ni gharama nzito, lakini mtu anaweza kuzipiga hesabu kabla hajang'oa nanga.

Hesabu hizo zinawahusu pia watu wa Kisii na Nyamira walioko ng'ambo. Jamii ya Abagusii ni kubwa katika jimbo la Minnesota huko Marekani, jimbo lenye maziwa maelfu, ambako kumiliki boti ndogo si jambo la matajiri peke yao. Anayerudi nyumbani baada ya miaka ya kazi anafahamu kwamba sheria ya forodha humsamehe ushuru wa gari moja, akitimiza masharti ya muda aliokaa nje na muda aliolimiliki. Boti haitajwi katika msamaha huo. Akiipakia kwenye kontena pamoja na vyombo vya nyumbani akidhani itapita, atakutana na bili yake Mombasa, na kila siku anayotafuta pesa gharama ya kuihifadhi inapanda. Ghala la forodha humpa nafasi ya kupumua, miezi 6 ya kwanza na nyongeza ya miezi 3 kwa idhini, lakini ghala nalo halikai bure. Kwa mtu anayetaka kuwekeza ziwani, mara nyingi ni busara kuagiza injini peke yake na kuagizia mashua kwa mafundi wa Mbita au Homa Bay, ambao ubao, misumari na kazi yao ni za hapa hapa.

Kuhifadhi mashua nje ya nchi yako ni shida ya aina yake, na ndiyo inayoeleza kwa nini wavuvi hulazimika kusafiri umbali mrefu kwa petroli ya bei kali badala ya kuacha vyombo karibu na samaki. Mashua ya mbao haiachwi kama gari linavyofunikwa turubai. Ikivutwa mchangani na kukaa juani wiki kadhaa, mbao hukauka na kuachana, na pamba ya kalafati hulegea kwenye maungio. Itakaporudishwa majini itaingiza maji mpaka ikalafatiwe upya. Injini hufunguliwa kila jioni ikabebwa begani hadi kwenye banda lenye kufuli. Kwa hiyo chombo kinahitaji mlinzi, fundi na BMU inayokitambua. Ufuo wa kigeni hauna wajibu wa kukilinda chombo ambacho kwenye vitabu vyake hakimo, na mwenyeji mwema akikipokea anaweza kuulizwa na askari anaficha nini.

Matokeo yake hufika hadi kwenye sako, yaani vyama vya akiba na mikopo. Mwaka 2017 Kenya ilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika, iliyofungua njia ya kukopa kwa kuweka rehani ng'ombe, mashine, hata mashua, na kuiandikisha rehani hiyo kwenye daftari la taifa. Nyamira ina vyama vya akiba vilivyozoea kukopesha kwa majani chai na maziwa. Mchuuzi wa samaki wa Ikonge anayetaka kushirikiana na mwenye mashua kule ufuoni angekuwa mteja mzuri. Lakini mkopeshaji makini huuliza: chombo kikikamatwa ng'ambo ya mpaka, nitakidai wapi na kwa hati gani? Asipopata jibu anakataa, au anaongeza riba. Mvuvi hugeukia mkopo wa petroli kutoka kwa mnunuzi mmoja, anafungwa kumuuzia yeye tu kwa bei anayoitaka, na gharama hiyo hupanda mlima pamoja na magunia ya omena.

Pingamizi kubwa kwa hoja hii ni zito na linastahili heshima: ziwa limevuliwa kupita kiasi. Sensa za uvuvi za pamoja zimekuwa zikihesabu mashua zaidi ya 60,000, na kuzipa uhuru wa kuvuka ni kuharakisha mwisho wa mbuta. Jibu ni kwamba hati ya umiliki haivui samaki. Uganda ingebaki na haki yote ya kusema nani avue katika maji yake, kwa nyavu gani na kwa mashua ya urefu gani. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mashua ikikosa leseni ya kuvua, mmiliki atozwe faini kwa kosa hilo, na chombo kilichoandikishwa kirudishwe kwa mwenyewe au kushtakiwa mahakamani kwa jina lake, si kutoweka au kuteketezwa. Tena, anayesimamia idadi ya mashua hawezi kufanya kazi hiyo bila kujua ni zipi na ni za nani. Mfumo wa sasa, ambao humfanya mwenye mashua aone afadhali kufuta namba kabla ya kuvuka, ndio unaowanyima wasimamizi habari.

Wengine watasema daftari la pamoja litakuwa kichaka cha magendo. Barabara zinaonyesha kinyume. Kadi ya njano ya COMESA, bima ya magari iliyoanza mwaka 1987, inatambuliwa Kenya, Uganda na hata Tanzania iliyojitoa COMESA, na lori lenye namba ya nchi moja hupita nchi nyingine likijulikana ni la nani. Hatari halisi ziko upande wa vyombo visivyojulikana. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono, Uganda, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na maofisa walieleza kuwa haikuwa imesajiliwa wala kupewa leseni. Ilikuwa kwenye maji ya nchi yake, mbele ya mamlaka yake. Mmiliki anayeona usajili kama mtego wa ada huukwepa; akiona unamlinda dhidi ya kunyang'anywa mali, ataufuata mwenyewe.

Lipo pia swali la nani atalipa, kwa kuwa mvuvi tayari ana ada za kutosha. Si lazima kuanzisha ofisi mpya. Bunge la Afrika Mashariki lilikwisha kupitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007. Tume ya Bonde la Ziwa ina makao Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, liko Jinja. Tangu mwaka 2000 nchi hizi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kwa utaratibu mmoja, ufuo kwa ufuo, zikihesabu mashua, injini na nyavu. Karani anayesimama mchangani na fomu hiyo ana nafasi ya kuandika pia jina la mwenye chombo, urefu wake na namba iliyogongwa kwenye injini, kisha kumpa kadi ambayo askari wa Uganda na wa Tanzania wameagizwa kuisoma.