Mwiba wa Nyuki

Mtu aumwapo na nyuki, mara nyingi huvimba mahali pale tu, kisha akapona. Lakini wako wachache ambao miili yao hupigana na sumu hiyo kupita kiasi: vipele vya kuwasha hutapakaa, midomo huvimba, pumzi hubana, nao waweza kufa kwa muda wa dakika chache. Jirani huenda wakadhani wamerogwa, sivyo. Hiyo ni aleji, jina lililotungwa na tabibu Clemens von Pirquet mwaka 1906.

Mwiba ukwanguliwe upesi, kwa kuwa kifuko chake huzidi kumimina sumu. Mgonjwa asitembezwe, hata akijigamba kuwa ana nguvu. Achukuliwe hospitali akachomwe sindano ya adrenalini. Akipona, kurina asali awaachie wenziwe, maana nyuki wa pili aweza kumdhuru kuliko wa kwanza.