VIPELE VYA MKONO NA FOMU YA BIMA



Mama mmoja, mwenzetu wa kiwanda cha chai, alitujia ofisini na barua mkononi. Yeye akivaa glavu za mpira, mikono humwasha na kutoka vipele. Zahanati walimpa dawa ya kupaka, akaendelea na kazi.

Baadaye alitaka kujinunulia bima ya afya katika kampuni ya binafsi. Fomu iliuliza: Umewahi kuugua ngozi? Ajenti akamwambia, "Mama, andika hapana, hilo ni jambo dogo." Akaandika hapana. Miezi saba ikapita, mkono ukavimba na kutunga usaha, akalazwa siku nne. Kampuni ikatazama daftari la zahanati, ikakataa kulipa. Barua ilisema kwamba alificha ugonjwa. Ajenti alikana maneno yake, na sahihi kwenye fomu ni ya mama. Mbuzi wake watatu waliuzwa kulipa hospitali.

Ndugu, kampuni ya bima huogopa ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba. Ikiuona yaweza kukuongezea malipo, kukungojesha miezi kadhaa, kuondoa magonjwa yote ya ngozi katika bima yako, au kukukataa kabisa. Hata hivyo, tunawashauri mwandike kweli. Anayeongezewa malipo bado ana bima. Aliyeficha hulipa kila mwezi na siku ya shida hana kitu.

Mwombe daktari cheti kinachotaja chanzo. Kama ni mpira tu, idai kampuni iandike mpira tu, isiandike "ngozi" yote. Usitie sahihi fomu aliyojaza mtu mwingine kabla hujasomewa. Weka nakala.

Tena tujiulize: vipele hivi vimetoka wapi? Vimetoka kazini. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2010, inataja magonjwa ya ngozi yanayoletwa na kazi. Basi mwambie mwakilishi wa chama mapema, iandikwe, na mwajiri atafute glavu za namna nyingine. Asikuambie ni ubaya wa mwili wako.

Mwisho, mtu peke yake mbele ya kampuni ni mnyonge. Huko Marekani, sheria ya 1996 ilikataza kumbagua mfanyakazi katika bima ya pamoja ya kazini kwa sababu ya afya yake. Lakini aliyejinunulia peke yake, katika majimbo mengi, aliweza kukataliwa au kuongezewa malipo mpaka sheria nyingine ilipoanza kumlinda mwaka 2014. Hata kwetu, bima ya watu wengi pamoja mara nyingi haimchunguzi kila mmoja ngozi yake.

Kwa hiyo bima ya pamoja tuidai katika mapatano yetu na mwajiri, pamoja na mshahara. Lileteni jambo hili katika mikutano ya matawi.

Umoja ni nguvu.