Daktari wa familia si anasa ya matajiri

Neno 'daktari' limepanuka katika matumizi ya kila siku hadi likapwaya. Mwananchi wa mashinani humwita daktari afisa wa tiba, muuguzi, mtaalamu wa maabara, na hata kijana anayeuza dawa katika duka la sokoni. Sisi wanaisimu hatulaumu jambo hilo, kwa kuwa watu hutumia neno walilo nalo. Hata hivyo, upanuzi huu wa maana unaficha ukweli mchungu: Wakenya wengi huzaliwa, hukua na kuzeeka pasipo kuwa na daktari hata mmoja anayewafahamu kwa jina, anayejua waliugua nini mwaka jana na ni maradhi gani yaliyomwondoa baba yao.

Istilahi 'daktari wa familia' nayo imezidisha utata. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili maana yake, wengi walisema ni daktari wa kibinafsi anayeitwa kwa simu nyumbani kwa tajiri. Sivyo. Huyu ni daktari ambaye, baada ya shahada ya kwanza, amesomea shahada ya uzamili ili aweze kumtibu mtoto mchanga, mama mjamzito na babu mwenye presha katika nyumba moja, na kuamua ni nani kati yao anayehitaji kupelekwa kwa bingwa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafunza madaktari wa aina hii mwaka 2005, na vyuo vingine vikafuata. Wahitimu bado ni wachache mno, na si ajabu kumkuta mmoja wao akisimamia wodi ya hospitali kubwa au akipitia mafaili ofisini, ilhali familia alizosomea kuzihudumia ziko mbali naye.

Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kaunti zimejenga zahanati si haba. Kiongozi anapokata utepe hutuambia kwamba huduma 'zimesogezwa karibu na mwananchi'. Ni neno hilo 'karibu' linalonikera. Jengo laweza kuwa hatua mia moja kutoka mlangoni pako, na daktari aliyemo akawa mbali nawe kama mwezi.

Nitatoa mfano. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, ana kisukari na shinikizo la damu. Katika mwaka mmoja alikwenda mara nne katika hospitali moja ya umma, na mara zote nne alimkuta daktari tofauti. Kumbukumbu zake za matibabu ni daftari la shule lenye kurasa 32, alilolinunua mwenyewe dukani, kama wafanyavyo wagonjwa wengi. Mwandiko uliomo ungemfanya apewe alama sufuri na mwalimu yeyote wa darasa la tatu! Daktari wa tatu alimwandikia dawa ya presha kwa jina la kiwanda. Wa pili alikuwa amemwandikia dawa iyo hiyo kwa jina lake la kitaalamu. Shangazi, kwa utiifu wa mwalimu, alizimeza zote mbili hadi siku alipoanguka jikoni kwa kizunguzungu. Darasani mimi husifu visawe kuwa utajiri wa lugha. Katika daftari lile visawe viwili vilikaribia kumuua mtu, kwa sababu hapakuwa na daktari aliyemjua.

Yapo pia masuala ya lugha yenyewe. Madaktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kisha hutumwa kwa watu wasioumwa kwa Kiingereza. Kiswahili huita 'mguu' kiungo chote kuanzia nyonga hadi vidoleni. Mgonjwa akisema mguu unamuuma, daktari asiyeuliza zaidi hajaambiwa kitu. Mzee akisema moyo unamuuma, huenda anataja kifua, kiungulia, au majonzi ya kufiwa na mkewe. Na katika maeneo ambako hata Kiswahili hakitoshi, mkalimani huwa ni muuguzi mwenye shughuli nyingi, au mjukuu. Hebu fikiria nyanya akieleza maradhi ya uzazi kupitia kinywa cha mvulana wa miaka 12. Adabu haitamruhusu, na yale yasiyosemwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2018 Serikali iliwaleta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwatawanya katika kaunti. Mwaka 2023 ikatangaza kuusitisha mpango huo. Ubishi mwingi ulihusu mishahara yao. Lugha haikupewa uzito uliostahili. Tulichofaa kuiga kutoka Cuba ni mpango wao wa mwaka 1984, ambapo daktari na muuguzi walipewa familia zipatazo 120 na kuishi katika mtaa uo huo. Huko Norway, tangu mwaka 2001 mkazi ana haki ya kuwa na daktari wake aliyeandikishwa kwa jina. Utafiti mkubwa uliofanywa huko ulibainisha kwamba wagonjwa waliokaa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa takriban asilimia 25 katika mwaka uliochunguzwa, wakilinganishwa na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini yake.

Msomaji atasema sisi si Norway. Kweli, lakini msingi tunao. Sheria ya Huduma za Msingi za Afya ya mwaka 2023 inaunganisha zahanati, vituo vya afya na hospitali katika mitandao ya huduma. Septemba mwaka uo huo wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa wakiwa na mikoba ya vifaa, zikiwemo mashine za kupima presha na sukari, wakawatembelee watu majumbani. Hilo napongeza. Swali langu ni hili: mhudumu akishaona presha imepanda, amwelekeze mgonjwa kwa nani? Kwa jengo, au kwa mtu?

Kila mtandao uwe na daktari wa familia anayejulikana kwa jina, naye asihamishwe kila baada ya miezi michache. Siwalaumu madaktari wanaokimbilia mijini; mgomo wao wa siku 56 mwaka 2024 ulionyesha jinsi tunavyowatunza. Apewe nyumba, apandishwe cheo pale pale alipo, na afundishwe lugha ya wenyeji kama sehemu ya mtihani wake. Nasi walimu wa Kiswahili tunaweza kuandaa kozi hiyo.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Walimu na wanafunzi wa kaunti husika wahudhurie vikao hivyo, na baada ya kusomewa idadi ya zahanati zilizojengwa, waulize: daktari wa mtandao wetu anaitwa nani, anaishi wapi, na mkataba wake unaisha lini?